Dawa Napika Mimi, Shukrani Anapewa Mama Mapasa

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu. Mhariri ameniahidi kuficha jina langu, na hata mtaa wetu asiutaje, maana katika kambi ya wafanyakazi wa shaba ukikohoa jirani anakuambia pole. Nina miaka ishirini na saba, ndoa yangu ni ya kanisani, na nina mtoto mmoja wa kike. Niseme mwenyewe kabla hamjanisema: nina wivu. Mama yangu alikuwa nao, nami niliurithi pamoja na masufuria yake.

Mume wangu anachezea timu ya kampani, beki wa kulia. Zamani alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba. Alipoanza kung'ara uwanjani wakamhamishia stoo, kazi ya kivulini, ili nguvu zake zibaki kwa mpira. Hapa kila mtu anajua kwamba siku miguu ikikataa, unarudi tanuruni. Naye umri umeanza kumtupa mkono. Msimu uliopita, kila Jumatatu alishuka kitandani kama mzee, ameshika ukuta, misuli ya mapaja imekaza.

Ndipo mchezaji mwenzake akampeleka mtaa wa Kasungami kwa mjane mmoja anayetoa dawa ya miguu. Amezaa mapacha, ndiyo maana wanamwita Mama Mapasa, na kwetu mama wa mapacha ana mkono wa baraka. Akipanda kinaota, akikupaka unapona. Sikatai desturi. Lakini huyo mjane ni mzuri, ana mwanya, na anamkanda mume wangu mapaja kwa mafuta! Kila Ijumaa mwanaume anarudi miguu inang'aa, ananukia mafuta nisiyoyajua, mkononi ameshika chupa ya bia iliyojaa maji mekundu na kuzibwa kwa gunzi la mahindi. Anaiweka juu ya kabati, karibu na sanamu ya Bikira Maria.

Tena kuna mwiko. Mke asiiguse chupa, wala asiiguse miguu ya mumewe mpaka mechi iishe. Nilipouliza sababu, alinijibu akitazama mlango.

"Mama, mukono ya bibi inauaka miguu ya mucheza mupira. Njo vile ule mama alisema."

"Na mukono yake ye, haiue?"

"Ye iko na mapasa," akasema, na kwake maneno yakaishia hapo.

Jumamosi moja alipokwenda mazoezini, nikapanda kiti, nikatoa gunzi, nikanusa. Nilitaka kunusa mwanamke. Nikanusa jiko la mama yangu. Ilikuwa ngai-ngai nyekundu, yale maua machachu ya rozela, tangawizi, mzizi wa munkoyo tunaochachushia uji wa mahindi, na asali kidogo. Mama alikuwa akimchemshia baba kinywaji hicho hicho kila baba aliporudi kutoka kwenye reli na mgongo unamuuma, na hakuna aliyempa mama jina la mganga. Hasira ikanipanda, nikaimwaga yote mtaroni. Kisha nikaiona chupa tupu mkononi mwangu, na mechi ni kesho yake. Nikakimbia sokoni, nikapika yangu, nikaongeza limao kama alivyofanya mama, nikarudisha gunzi mahali pake.

Jumapili mume wangu aliinywa, akakimbia mpaka filimbi ya mwisho. Jumatatu alishuka kitandani anapiga mluzi. Tangu hapo kila wiki namwaga ya mjane, najaza yangu. Juzi alikunywa, akajifuta mdomo kwa kitambaa nilichokifua mimi, akasema:

"Hii ya sasa inapita ile ya zamani. Ule mama anajua kazi. We hauwezake kutengeneza hii."

Nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya vitunguu, asijue.

Sasa Jumapili hii ni fainali, na kocha amekwisha sema kwamba baada ya mechi atachagua wa kubaki na wa kurudishwa kazini kwao. Mume wangu ana uhakika atabaki. Ameshapanga na shukrani. Kwa desturi, mke wa aliyepona ndiye anayepeleka kuku na kitenge, anapiga magoti, anapiga makofi, na kusema aksanti mbele ya watu. Kitenge amekwenda kukichagua mwenyewe, cha rangi ya kijani, kizuri sana. Mimi tangu tuoane hajawahi kunichagulia kitenge hata kimoja.

Nikimwambia ukweli kabla ya mechi, nitamuua. Anauamini ule mwiko kwa moyo wote, na akijua amekunywa mkono wa mkewe, miguu yake itakufa kabla hajavaa viatu. Nikinyamaza, nitampigia magoti mwanamke anayemkanda mume wangu, nimshukuru kwa jasho langu. Na kuna wazo jingine, naona aibu kuliandika. Nimwekee maji matupu yenye rangi, ashindwe, na jina la Mama Mapasa lianguke pamoja naye. Nililiwaza Jumanne nikikoroga sufuria. Halafu nikamkumbuka alivyokuwa akirudi kutoka tanuruni, macho mekundu, hawezi hata kumbeba binti yetu. Wazo nikaliweka kando, lakini halijaenda mbali.

Kuku ameshaletwa. Amefungwa kwenye mguu wa meza ileile ninayotwangia tangawizi, ananitazama nikichemsha dawa ya Jumapili. Ninyi mliooa na mlioolewa, mngekuwa jikoni kwangu mngefanyaje? Niseme, mume wangu apoteze miguu, au nimchukue kuku huyu nikampigie magoti mwanamke mwenzangu kwa dawa niliyoipika mwenyewe?