Bonjour Kabla ya Chai

Jamani, leo nusura nifutwe kazi kwa sababu ya salamu!

Tumerudi Jeddah juzi kutoka Paris, nilikoenda na familia ya bosi kuwaangalia watoto. Mnara wao ni mzuri, sikatai, lakini mimi nilimpenda mama mmoja muuza mikate.

Bosi, ambaye mimi namwita baba, aliingia dukani kwake akaamuru, "Yalla, haraka, mikate!" Yule mama akaendelea kufuta meza. Hadi baba aliposema "bonjour", salamu yao, ndipo akahudumiwa, tena kwa tabasamu.

Nilicheka kimoyomoyo hadi mbavu zikauma.

Sasa leo asubuhi niko jikoni. Baba huyo anaingia: "Yalla, chai!"

Sijui shetani gani alinituma. Nikaendelea kufuta meza, nikasema, "Bonjour, baba."



Nikajiona niko airport na begi langu.

Baba akageuka, akatoka, akafunga mlango.

Halafu nikasikia: ko, ko, ko.

"Bonjour," akasema, huku akijizuia kucheka. "Naomba chai."

Iliki niliyomtilia, weh!

Wadada, huko kwenu mnabishiwa hodi? Mimi leo, kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii, nimebishiwa.