Spika za Basi na Sauti ya Mama

Msimu ule nyumba yetu ya Ipogolo ilinuka mbao mbichi za paini. Harufu ile iliingia kwenye mashuka, kwenye sare zangu za shule, hata kwenye chai ya asubuhi, kwa sababu Shangazi Tatu alikuwa ameugeuza ukumbi wetu wa mbele kuwa karakana. Nje, malori ya kwenda Mbeya na Zambia yalinguruma kutwa. Ndani, shangazi alipiga randa huku vumbi la mbao likimkaa kwenye nyusi kama unga wa sembe. Nilikuwa darasa la nne, na kila nilipotoka shule nilikimbia nyumbani kuona kilichoongezeka.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya mama. Zamani yeye ndiye aliyeimba kwenye harusi za jamaa zetu, watu ambao babu zao walikuja Iringa na biashara kutoka pwani na hawakurudi tena. Hakuhitaji kipaza sauti. Alisimama uani, akafumba macho, na majirani wa mtaa wa pili wakajua bibi harusi ametoka. Kisha akaota rovu shingoni, na baada ya kupasuliwa sauti ilirudi nyembamba, yenye mkwaruzo, ya kusikiwa na mtu aliyekaa karibu tu. Hakulia mbele yetu. Aliacha kuimba, hata akiwa anaosha vyombo, na ukimya ule wa jikoni ulinitisha kuliko bandeji. Ndipo mama mdogo Mwajuma, mdogo wake wa mwisho ambaye mama alimlea mwenyewe, akapiga simu kutoka Mbalizi, karibu na Mbeya, kwamba anaolewa, na kwamba anataka dada yake amwimbie. Mama alimjibu kuwa kuja atakuja, lakini mwimbaji atafute mwingine.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa mpiga kinanda wa kikundi alichokuwa akiimba nacho mama harusini, mwanamke wa mikono mikubwa asiyejua kumbembeleza mtu kwa maneno. Kukodi vyombo vya muziki mjini hatukuthubutu hata kuulizia. Lakini baba aliuza vipuri vya magari vilivyotumika kando ya barabara kuu, na shangazi alipekua kibanda chake hadi akapata spika za mabasi yaliyochakaa na amplifaya iliyong'olewa kwenye dashibodi. Akazitengenezea spika zile masanduku ya paini, akayajaza sponji ya godoro langu la zamani ili sauti isivume ovyo. Maiki aliipata kwenye mitumba. Iliingia kwenye redio kaseti yetu yenye tundu la maiki, redio ikapeleka sauti kwenye amplifaya, na amplifaya ikala umeme wa betri ya lori. Siku ya kwanza baba alipounganisha nyaya, spika zilipiga mluzi mkali hadi kuku wakarukia ukuta wa jirani. Ilichukua muda kugundua kwamba mwimbaji hatakiwi kusimama mbele ya spika. Zinakaa mbele yake, zikitazama watu, na yeye anaisogeza maiki karibu na mdomo.

Mama alikubali kujaribu, nadhani kwa kutuonea huruma. Aliimba mstari mmoja. Sauti yake ikatoka kwenye masanduku yale ikiwa kubwa kuliko yeye, na mkwaruzo nao ukawa mkubwa. Akashtuka kama aliyeguswa na maji ya moto.

"Huyo siyo mimi," alisema. Akaiweka maiki juu ya kigoda na kurudi jikoni.

Baba alitaka kufungua nyaya. Shangazi akamzuia. Kuanzia siku iliyofuata, kila alasiri, alikaa uani na kinanda chake akawa anaimba mwenyewe kwenye maiki, na shangazi yangu hakuwa na sauti ya kuimba hata kidogo. Aliruka beti, akachanganya maneno, bwana harusi akawa ndiye anayetiwa hina. Majirani walicheka waziwazi. Mama alivumilia siku mbili tatu, halafu alasiri moja akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Wifi, unaniharibia wimbo!"

"Basi nionyeshe."

Mama akaishika maiki kwa hasira, akamwonyesha. Safari hii hakupaza, kwa kuwa alikuwa anamfundisha mtu aliyeketi mbele yake. Aliimba kama anavyoongea, taratibu, na ule mkwaruzo ukageuka kuwa kitu kama pumzi. Alipofika ubeti wa mwisho, shangazi alikuwa ameacha kupiga kinanda. Kama yale makosa yalikuwa ya makusudi, hajawahi kukiri mpaka leo.

Tulikwenda Mbalizi na masanduku juu ya basi, yamefungwa kwa kamba na turubai. Mchana wa harusi, uani kwa bibi harusi, wanawake walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja, na mama alipoanza wengi hawakutambua. Halafu, katikati ya wimbo, spika ya kushoto ikakata sauti. Nilimtazama baba, naye akatazama chini. Mama aliendelea. Wanawake wa upande ule wakainuka wenyewe, wakahamisha mikeka na watoto wao, wakabanana upande wenye sauti, na kelele ikaisha. Mama akamgeukia mdogo wake, akamwimbia yeye. Mama mdogo Mwajuma alilia hadi wanja ukamfika kidevuni.

Siku hizi pale Iringa vyombo vya kukodi ni vingi, na spika moja ndogo isiyo na waya inaweza kufanya kazi yote iliyomtoa shangazi jasho. Sizibezi, nami ninayo moja. Ila harusi nyingi ninazokwenda sasa, watu wanapigiana kelele masikioni na hakuna anayejua nani anaimba. Mwaka jana, kwenye harusi ya mpwa wangu, mama alipewa maiki mbele ya ukumbi uliojaa. Spika zilikuwa zinatetemesha glasi. Akamwita fundi mitambo.

"Fundi, punguza," alimwambia. "Nataka wanisogelee."

Fundi akapunguza, huku akiwa na wasiwasi usoni. Nikasikia viti vinaanza kuburutwa.