Bendera ya Nahodha Mdachi

Wenzangu, mwalimu wenu nimeumbuka. Nahodha mmoja Mdachi alikubali kumchukua binti yangu Zaina hadi Unguja, akasome chuo kile kile nilichosoma mimi. Nikaazimia kumlaki kwa heshima: nikashona bendera ya kwao Ujerumani, yenye rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Tulipokuwa darini tukiitundika, jirani yangu Bi Rehema aliuliza, "Bi Mwalimu, juu ni upande gani?"

Tangu kuzaliwa nimeijua bendera ya Sayyid, Sultani wetu, nyekundu tupu, isiyo na juu wala chini. Swali lile lilinishangaza, lakini msomi hakosi jibu. "Nyekundu ndiyo rangi ya Sayyid," nilisema kwa madaha. "Itakaaje chini ya nyeusi?"

Tukaipandisha, nyekundu juu. Meli ilipotia nanga, mashua ikateremshwa kwa haraka ya ajabu, nami nikafurahi kwamba salamu zetu zimepokelewa. Mara mabaharia wakaingia uani mbio, na bunduki na machela, wakatukuta tunakata halua.

"Nani anakufa?" nahodha alifoka huku akihema. "Bendera ikipinduliwa, maana yake watu wamo hatarini, waokolewe!"

"Ni mwalimu wetu huyu, bwana," alisema Bi Rehema. "Anakufa kwa haya."

Nahodha akaitazama bendera, akanitazama mimi, kisha akamgeukia Zaina.

"Binti, chukua mzigo wako tuondoke sasa hivi, kabla mama yako hajakufundisha tena."