Tawi la Mkaratusi kwenye Bajaji

Mwaka ambao foleni ya malori ya kwenda Zambia ilifika kwetu Mpemba, trafiki waliweka utaratibu. Malori yakae kushoto. Kulia paachwe wazi kwa mabasi na magari madogo. Bajaji na bodaboda wapite pembeni, kwenye udongo. Kiangazi udongo ule ulipitika. Januari ulikuwa tope tupu, na madereva wa malori wamepanga majiko yao humo humo wanapika ugali.

Asubuhi moja ya Januari hiyo mwanangu, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa ameshikwa na degedege mara mbili. Nikapanda bajaji na mama mkwe tumwahishe kituo cha afya mjini. Tope likatushinda, dereva akapanda lami, trafiki akatusimamisha. Nikamwonyesha mtoto. Akasema pole, lakini bajaji si basi. Akiruhusu moja zitaingia zote, na mabasi yapite wapi? Hakukosea. Ila mtoto hakuwa wake.

Tukiwa pale ikapita pikapu yenye jeneza, imefungwa matawi mbele kama ilivyo desturi ya msiba. Nyuma yake bajaji tatu, nazo zina matawi. Trafiki akavua kofia. Hakuuliza kama zile ni mabasi.

Nikashuka, nikavunja tawi la mkaratusi kando ya barabara, nikalichomeka mbele ya bajaji yetu. Dereva akagoma kuwasha. Mama mkwe, aliyempakata mtoto, akanishika mkono.

"Toa hilo jani. Unamwitia mtoto kifo."

"Kifo hakingoji kuitwa, Mama. Sisi ndio tumesimama."

Nikamwambia dereva aende au anipishe niendeshe mwenyewe. Akawasha. Tukaunga mkia wa msiba wa watu tusiowajua. Trafiki alitutambua, maana alitazama pembeni.

Kituoni mtoto alitundikiwa dripu. Jioni akanyonya.

Siku ya tatu mama mkwe akapima unga. Akasema tumetumia maiti ya watu bila ruhusa, twende tukatoe pole. Tuliuliza uliza mpaka tukaipata nyumba, nimebeba unga kichwani na mtoto mgongoni. Nikamweleza mfiwa, mzee aliyemzika mkewe, kila kitu. Akamtazama mtoto.

"Mkapita?"

"Tulipita, baba."

Akapokea unga, akatuonyesha pa kukaa.

Kwa yule trafiki sijaenda.