Bado Kidogo

Kinyozi wetu wa mtaa wa Sakina hunoa wembe wake wa kukunja kwenye jiwe jeusi aliloliokota mtoni, kule Nduruma. Hulilowesha, akausukuma wembe polepole, akaugeuza, huku akihema kama mtu aliyebeba mzigo. Mkono wa kushoto umeshakwisha vinyweleo, kwa hiyo siku hizi hukunja suruali na kuupima wembe mguuni. Vikidondoka, husema, “Haya, kaa.”

Juzi, baada ya kinyozi kumzika mkewe, binti yao Namelok alikuja kunyolewa nywele za msiba, kama ilivyo desturi yao. Mzee akanoa, akakunja suruali, akapima. Vinyweleo vikadondoka, sote tukaona.

“Baba, wembe umeshanoleka.”

“Bado kidogo, mwanangu,” akasema, akalilowesha jiwe tena.