Neno la Kuazima

Wenzake hotelini walimwita Mama Pindo, kwa sababu hapakuwa na shuka, suruali wala pazia lililofumuka pindo humo ndani lisilopitia mikononi mwake. Chumba chake cha kushonea kilikuwa nyuma ya jiko, kimebanana na stoo ya vitambaa, na ufunguo wa stoo hiyo aliuvaa shingoni kwa utepe. Mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini moyo wake ulikuwa mzito wa kuamini. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, salamu ya pili hakuitikia mpaka akukague juu hadi chini. "Salamu ya ziada ina lake jambo," alizoea kusema.

Jumatatu moja meneja mpya, mgeni kutoka nje ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "asante", alitaka kuyaona mapazia mapya ya ukumbini. Stoo ikafunguliwa. Rafu iliyojaa Ijumaa sasa ilikuwa tupu kama mdomo wa kibogoyo.

Meneja akamgeukia Mama Pindo, akamuuliza kwa Kiingereza cha taratibu, kama anayemlisha mtoto uji: Jumamosi nani alikuwa na ufunguo?

Hilo Mama Pindo alilijua vizuri. Jumamosi yeye alikuwa amezama kwenye koti la mgeni aliyekuwa akioa jioni hiyo, na dereva wa gari la mizigo akaja mbio: "Mama, niazime funguo ya stoo, nina mzigo wa kutoa." Akauvua utepe, akampa bila hata kuinua kichwa. Muda si muda ukarudi. Sasa Kiingereza cha Mama Pindo kilikuwa cha kuokoteza, tonge hapa tonge pale, lakini siku hiyo hakutaka mtu amsemee. Akakohoa, akasema:

"I borrowed driver key."

Meneja akakunja uso. Akamuuliza tena, kidole kikielekea kwenye ufunguo: ufunguo wa dereva?

"Yes," akajibu Mama Pindo, shingo juu. "Borrow. Saturday."

Kabla ya chakula cha mchana, dereva alikuwa amenyang'anywa gari, ameketishwa kwenye benchi la getini. Na macho yakahamia kwa Mama Pindo. Akiingia jikoni kuchukua chai, wapishi wanakatiza mazungumzo. Dada wa mapokezi, ambaye kila siku humletea umbea wa moto moto, alipita na "shikamoo" ya mbali, miguu haisimami. Jioni mlinzi, ambaye tangu aajiriwe hajawahi hata kuutazama mkoba wake, akamwambia, "Samahani, mama. Tufungue tuone."

"Mkoba wangu?"

"Ni amri, mama."

Akaufungua. Ndani mlikuwa na miwani, kitana na kipande cha mkate. Hapo akawa na hakika: wamekula njama. Dereva ameiba, na ana watu wake. Akakumbuka jinsi alivyorudisha ufunguo Jumamosi, jasho linamtiririka, jicho pembeni. Mtu mwenye haki jasho la nini?

Dereva mwenyewe akanyanyuka kwenye benchi. "Mama Pindo, nimekukosea nini?"

"Jiulize."

"Mapazia nimepeleka kwa dobi, yalikuwa yananuka ukungu. Meneja wa zamani ndiye aliyenituma, siku yake ya mwisho. Nikisema haya hakuna anayesikia, na dobi hapokei simu. Wananiambia mtu mwenye funguo ya siri hana ukweli. Funguo gani ya siri, mama? Mimi si nilikuazima wewe?"

Mama Pindo akatoka getini. Lakini njia nzima hilo la "funguo ya siri" lilimkereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Nyumbani, wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na aliyeishi nao, alikuwa akisahihisha madaftari mezani. Mama Pindo akamsimulia yote, njama na jasho na mkoba.

"Ngoja, wifi," yule mwalimu akaweka kalamu chini. "Ulimwambiaje? Neno kwa neno."

"Nilimwambia, 'I borrowed driver key.'"

Wifi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Umemmaliza mtoto wa watu!"

"Nimemmaliza vipi? Si nimesema nilimwazima?"

"Kwetu anayetoa anaazima, anayepokea naye anaazima, tunaelewana. Mwingereza kawatenganisha. 'Borrow' ni la anayepokea. Anayetoa ana lake, 'lend', na likishapita ni 'lent'. Wewe umemwambia bosi kwamba dereva ana ufunguo wake, na wewe ndiye uliyeuchukua kwake!"

Mama Pindo akaketi polepole. Kisha akamtupia wifi yake jicho la upande. "Una hakika? Au na wewe umeongea na watu wa hotelini?"

"Mimi nitaongea nao wapi? Haya, tunga sentensi."

Akatunga. Alikosea, akarudia, akaazimisha kwa Kiingereza mwavuli, sufuria na ngazi ya jirani, mpaka ulimi ukazoea. Mwisho akasema bila kusitasita, "My wifi borrowed my black shoes."

"Sahihi," wifi akasema, akivuta miguu chini ya kiti.

Asubuhi alimfuata meneja ofisini hata kabla hajavaa aproni. "I lent the driver the key," akasema, akajigonga kifuani. "My key. The driver borrowed the key from me." Akaonyesha kwa mikono: ufunguo unatoka huku, unakwenda kule, unarudi.  Meneja akamwomba arudie. Kisha akampigia simu mlinzi, dereva akarudishiwa gari, akaenda na mlinzi hadi kwa dobi.

Walirudi mchana na mapazia yote, yamepigwa pasi. Mashine ya dobi ilikuwa imeharibika, na simu yake nayo haikuwa na chaji.

Jioni dereva alisimama mlangoni kwa Mama Pindo. Hakuingia.

"Nilidhani umeniuza," akasema.

"Neno lilinishinda, baba. Nisamehe."

"Nimesikia. Lakini niambie kweli, mama. Na wewe ulidhani nimeiba?"

Angeweza kusema hapana. Mguu wake ukaacha kusukuma cherehani.

"Nilidhani," akasema. "Tena nilikwisha kukuhukumu."

Dereva akacheka kidogo, cheko lisilofika machoni. "Basi hakuna wa kumdai mwenzake." Akaondoka.

Siku kadhaa walisalimiana kwa kichwa tu. Kisha asubuhi moja akaja na shati lake la kazi, kola imechanika, akaliweka mezani. Mama Pindo alilikagua shati, akamkagua na mwenye shati, halafu akalivuta chini ya sindano.