Mume wangu kampashia mwanamke mwingine viganja, na kapewa alama

Leo mume wangu kasugua viganja vikapata joto, kisha akamshika tumbo mwanamke mwingine mbele yangu. Mwalimu akampa alama.

Nyie, tuna wiki sita za ndoa.

Anasomea ukunga. Leo walikuwa na mtihani wa vitendo, nami nilijitolea kuigiza mjamzito. Nikapewa mwanafunzi mwingine. Mume wangu akapewa mama wa kitanda cha pili.

Hiko kitendo cha kusugua viganja ananifanyiaga mie kila asubuhi kabla ya kunigusa. Nilijua ni mapenzi yetu. Kumbe kipo kwenye fomu ya mwalimu ya kutolea alama.

Tumerudi nyumbani Ukonga nimenuna.
"Mke wangu, nimekosa nini?"
"Kamuulize yule mama wa kitanda cha pili."

Akacheka.
"Muhula uliopita hiyo alama niliikosa, mikono yangu ya baridi ilimshtua mama wa watu. Nimejizoeza kusugua kwako, tangu asubuhi ile uliyoruka kwa baridi ya mikono yangu ukapiga kelele."

Jamani, huyu mwanaume nampenda.

Ila kumbe kila mama atakayemzalisha atapashiwa viganja kwa mazoezi aliyoyafanya kwangu. Nafurahi, halafu nanuna upya.

Nyie mlioolewa na wakunga, mnaishije?